Mawe ya Kaole na maneno ya babu

Mabishano yalianza Alhamisi usiku, kwa simu. Mama mmoja mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam, alikuwa amewaahidi watoto wake wawili kwamba Jumamosi atawapeleka Bagamoyo. Wa kiume ana miaka 11, wa kike ana sita. Swali lilikuwa babu yao, ambaye anaishi nao.

"Mzee abaki na dada wa kazi," alisema kaka mkubwa wa mama huyo. "Ana miezi minane tu tangu apate kiharusi, wewe unataka kumpeleka juani akaangalie magofu? Akianguka huko utamwambia nani?"

Mama hakuwa na jibu, maana hofu hiyo hiyo alikuwa nayo. Mzee ana miaka 71. Alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, mtu wa maneno mengi na utani. Tangu siku ile mkono wake wa kulia umelegea, mguu anauburuza kidogo, na maneno hutoka moja moja. Mengine hayatoki kabisa. Nyumbani wamezoea kumsemea. Akifungua mdomo tu, tayari kuna mtu amekwisha kumalizia: unataka maji, unataka kulala, unataka redio. Mara nyingi hutikisa kichwa na kunyamaza, nao huchukulia kwamba amekubali.

Aliyekata shauri ni yule wa miaka sita. Ijumaa asubuhi, akinywa uji, aliuliza, "Kwani babu si ndiyo kwao Bagamoyo?"

Ni kwao kweli. Alizaliwa huko na kujifunza uashi huko kwa baba yake, kabla ya kuhamia Dar es Salaam akiwa kijana. Siku hiyo hiyo mama alimuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia mzee kliniki. Alimruhusu, kwa masharti: dawa za presha zinywewe kwa saa yake ya kila siku, apumzike kila baada ya mwendo mfupi, anywe maji, na wasikae juani mchana. Basi Jumamosi saa moja asubuhi wakawa kituoni wote wanne, na kapu lenye chupa ya uji wa mzee, maji, kofia, mkeka mdogo na chapati.

Bagamoyo iko kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Mabasi madogo hutoka Makumbusho, yakapita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, na asubuhi na mapema, kabla foleni haijashika, safari ni nyepesi hata kwa mtu mzima asiye na nguvu. Kumbuka tu kuomba kiti cha mbele au karibu na mlango. Makondakta wengi wana roho nzuri kwa wazee wakiambiwa mapema, kabla gari halijajaa. Na kwa wakazi wa Tegeta na Kunduchi, si lazima kwenda hata mbali hivyo: Kunduchi kwenyewe kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, ambayo maelfu ya watu huyapita karibu kila siku bila kujua yapo.

Kutoka stendi ya Bagamoyo walichukua bajaji hadi Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji. Njia inapita kwenye minazi na mashamba, kisha unafika mahali palipotulia sana, pana ofisi ndogo, makumbusho ndogo, na nyuma yake magofu: misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, yote ya mawe ya matumbawe. Msikiti wa zamani zaidi unakadiriwa kuanzia karne ya 13. Watu waliishi hapa na kufanya biashara na nchi za mbali kabla Bagamoyo haijawa mji. Kisha bahari ikasogea, mikoko ikajaa mbele ya bandari, na watu wakahamia pale Bagamoyo ilipo leo.

Muongozaji aliwapokea vizuri. "Shikamoo mzee," alisema, mzee akainua mkono wa kushoto. Baada ya hapo maneno yote yalielekezwa kwa mama. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo watu wanavyofanya wakiona mtu mzima amekaa kimya na fimbo yake: humuuliza aliye pembeni. "Mzee ataweza kutembea?" "Mzee anakaa wapi?" Mama alijibu yote, kama kawaida.

Kwenye makumbusho watoto waliona bakuli la kauri la kijani kutoka China. Vyombo vya namna hiyo vilipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa wa mji, na ukizitazama nguzo kwa makini unaona mashimo ya mviringo vilipokaa. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifukua eneo hili. Mtoto wa kiume alivutiwa na bakuli kuliko yote. Chombo cha China, hapa, kabla ya ndege na kabla ya meli za injini! Muongozaji alimweleza habari za pepo za msimu, kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi na kuyarudisha.

Msikitini ndipo mambo yalipobadilika.

Ukuta wa kibla bado umesimama. Mihrabu yake ina kingo zilizochongwa zikanyooka, si kama kuta zingine ambazo mawe yake yamerundikwa yakashikwa kwa chokaa. Mtoto wa kike aliuliza kwa nini kibla kimeelekea upande ule, na mama akamwambia Makka iko kaskazini ya kwetu, ndiyo maana misikiti yote ya pwani hii inaelekea huko. Mzee alikuwa amesogea karibu. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa jiwe, akakipitisha taratibu juu hadi chini, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe.

"Laini," alisema.

Mama akafungua kapu. Nyumbani, "laini" ni neno la chakula. Tangu alazwe, mzee hula vitu laini, uji na viazi vya kupondwa, kwa sababu kumeza kulimpa shida miezi ya mwanzo. Alimimina uji kwenye kikombe, akampelekea. "Haya Baba, kaa hapa unywe."

Mzee akasukuma kikombe. "Laini," alirudia, akigonga jiwe kwa vidole.

"Bado wa moto?"

Akatikisa kichwa kwa hasira. Jiwe lile si laini hata kidogo, ni gumu na lina vitundu vitundu. Mama anakiri kwamba wakati ule aliogopa. Alidhani akili ya mzee imeanza kuchanganya vitu. Lakini mtoto wa kiume alikuwa amesimama pale pale, hana haraka, anamtazama babu yake mdomoni. Dakika nzima ilipita. Ni muda mrefu sana watu wakiwa wamesimama.

"Li... likuwa," mzee akasema. "Baharini. Laini."

Muongozaji ndiye aliyeruka. "Aisee! Mzee wangu, umesema kweli kabisa."

Ni hivi. Mafundi wa kale wa pwani walitumia aina mbili za mawe. Kuta nene zilijengwa kwa matumbawe ya zamani ya nchi kavu, yale mawe makali tunayoyaona yamejitokeza ufukweni. Hayo hayachongeki vizuri. Kwa kazi ya kupendeza, kama mihrabu, kingo za milango na maandishi, walikwenda baharini maji yakitoka, wakakata matumbawe yaliyo hai chini ya maji. Likiwa bichi na lenye maji, jiwe hilo ni laini. Unaweza kulikata na kulichonga kama unavyochonga mti. Ukiliacha hewani linakauka na kuwa gumu, na linabaki hivyo kwa mamia ya miaka. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kumaliza kazi yake kabla jiwe halijamkatalia.

Watu wengi wakisikia habari za nyumba za ibada za kale zilizochongwa kwa mawe hufikiria mahekalu ya Wahindu kule India. Hata hekalu la Swaminarayan la Nairobi, lililofunguliwa 1999 na linalosifiwa kwa nakshi zake, mawe yake yalichongwa India yakasafirishwa kwa meli. Hapa Kaole jiwe na fundi vyote ni vya pwani hii. Leo kukata matumbawe hai hakuruhusiwi, na ni sawa, kwa sababu ndiyo nyumba ya samaki. Kwa hiyo wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao wanaendelea kupungua.

Baada ya pale muongozaji aliacha kuongea na mama. Alimsogezea mzee kiti cha plastiki kutoka ofisini, akachuchumaa mbele yake, akauliza, "Na chokaa, mzee wangu? Mlikuwa mnachomaje?"

Jibu lilichukua karibu nusu saa. Neno "tanuri" lilikataa kabisa kutoka, basi mzee akachora. Kwa fimbo, mkono wa kushoto, alichora duara kubwa mchangani. Ndani akaweka mistari: magogo. Juu yake vinundu vinundu: mawe ya matumbawe. Katikati shimo la kuwashia. Kisha akapuliza hewa, "fuuu", na mtoto wa kike akacheka mpaka akakaa chini. Moto huwaka usiku kucha, mawe yanageuka meupe, yanamwagiwa maji yanachemka yenyewe na kupasuka kuwa unga. Kisha chokaa hiyo huachwa ikae muda mrefu kabla ya kujengea. Hapo kwenye "muda mrefu" mzee alitaka kutaja kiasi gani, akainua vidole, akavikunja, akainua tena. Hakupata. Mtoto wa kiume alitaja miezi mbalimbali, babu akawa anakataa yote, wakaliacha hapo.

"Baba alikuwa anachoma chokaa?" mama alimuuliza. Alijua alikuwa fundi. Hakuwahi kujua kwamba alianza na chokaa.

"Na... babu yako," mzee alijibu. Yaani na baba yake.

Jambo moja wazazi wenye wagonjwa wa kiharusi nyumbani wanapaswa kulijua, na madaktari wa mishipa ya fahamu hulirudia mara nyingi: kupoteza maneno si kupoteza akili. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, mara nyingi upande wa kushoto, mgonjwa anaweza kuelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Anayemsemea anadhani anamsaidia. Lakini usemi nao unahitaji mazoezi kama mguu, na mazoezi yake ni kuongea. Uliza swali moja kwa wakati. Zima redio. Subiri. Akishindwa kusema, mpe karatasi, au mchanga na fimbo. Uliza pia hospitali kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Hawapatikani kila mahali, lakini maelekezo ya siku moja yanaweza kubadili mambo mengi nyumbani.

Kwenye makaburi jua lilikuwa limeanza kupanda. Mtoto wa kiume alikuwa amepewa kazi na babu yake: kuhesabu hatua za upana wa chumba kwenye magofu. Alirudi akisema ni hatua chache sana, vyumba vyembamba kama korido. Mzee akanyoosha mkono kuelekea mikoko. "Boriti," alisema, na neno hili likatoka zima, bila kukwama. Paa za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ina urefu wake; ukiupita, paa linakuangukia. Upana wa chumba ulipimwa na mti. Muongozaji alisema atawaeleza hivyo wageni wake wengine.

Kisha mzee akaketi chini ghafla. Hakuanguka, aliteremka tu akishikilia ukuta, mpaka akawa amekaa kwenye mchanga. Uso ulikuwa umelowa jasho.

Mama anasema moyo ulimruka. Alimkamata mashavu, akamwambia atabasamu. Akamwambia ainue mikono yote miwili. Akamwambia ataje jina la mjukuu. Ndivyo alivyofundishwa siku ya kutoka hospitali, na ndivyo kila nyumba inavyopaswa kujua: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishuka wenyewe, au usemi ukibadilika ghafla kuliko kawaida yake, ni hospitali saa hiyo hiyo, bila kungoja kesho, bila kumlaza kwanza "aone itakuwaje". Uso wa mzee ulikuwa vile vile ulivyo kila siku. Mkono wa kulia ulipanda pale unapoishia siku zote. Jina la mjukuu lilitoka. Alichoka tu, na saa nne na nusu ilikuwa imepita. Walikuwa wamekaa juani kuliko walivyokubaliana, basi, na mama hasiti kusema kosa lilikuwa lake: alikuwa anafurahi akasahau saa.

Walitandika mkeka chini ya mbuyu mkubwa. Mzee alikunywa maji, kisha uji wake, kisha akalala kidogo. Mbuyu huu una hadithi zake. Waongozaji husimulia kwamba ukiuzunguka unaongeza umri. Mtoto wa kike aliposikia hivyo hakukaa tena. Mzee alipoamka alimshika mkono mzima, akamwinua, wakaanza kuuzunguka, mama akifuata nyuma mikono imekaa tayari kudaka. Shina lenyewe ni nene na mizizi imejitokeza, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua muda. Hakuna daktari atakayekuandikia mbuyu kama dawa, lakini kutembea polepole kivulini ukiwa umeshikwa mkono ndiyo hasa zoezi ambalo mzee huyu ameandikiwa na hulikataa kila jioni.

Kabla ya saa sita walirudi mjini. Wangeweza kupita misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipumzishwa 1874 ukielekea Zanzibar, au kutazama majengo ya wakati wa Wajerumani, lakini mama aliamua siku imetosha. Ushauri huo mzuri haumo kwenye vitabu vya watalii: ukiwa na mtoto wa miaka sita au mzee wa miaka 71, chagua sehemu moja. Walipita tu Mtaa wa India kwa bajaji, polepole, watazame milango ya nakshi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na nguvu kubwa hapa enzi za misafara. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, alitoa fedha za kujenga shule hapa na hospitali Dar es Salaam, na ndiyo maana Muhimbili hadi leo kuna jengo la Sewahaji.

Mbele ya nyumba moja ya zamani mzee aligonga bega la dereva. Bajaji ikasimama. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, nayo imebanduka vipande vikubwa, na nyuma yake mawe yanamomonyoka. Mzee alitazama muda mrefu. Saruji ni ngumu na haipumui; unyevu na chumvi ya bahari vikiingia kwenye ukuta wa matumbawe havina pa kutokea, vinaula kwa ndani. Ukuta wa chokaa unataka kutengenezwa kwa chokaa. Hayo mama aliyaelewa baadaye, alipoyasoma. Pale mzee alisema neno moja tu, na si neno la kuandika kwenye ukurasa wa familia. Lilitoka bila kukwama hata herufi moja. Dereva alicheka hadi machozi. Mtoto wa kike akataka kujua maana yake, na bado anauliza.

Kaka mkubwa alipiga simu jioni. "Amefikaje?" Mama akampa simu mzee mwenyewe, akaondoka kwenda kuosha vyombo, jambo ambalo hajalifanya tangu kiharusi. Siku zote huweka sauti kubwa na kusimama pembeni. Hajui waliongea nini. Simu ilikaa hewani dakika 14, na kutoka jikoni alisikia zaidi ukimya.

Jumatatu mama alirudi kazini saa kumi na mbili jioni. Barazani alimkuta mwanawe, bado na sare za shule, amekaa kwenye kigoda mbele ya babu yake. Daftari limefunguliwa magotini, kalamu mkononi. Kwenye ukurasa kulikuwa na duara, magogo, vinundu vinundu, na chini yake mstari mmoja: Chokaa huachwa ikae miezi, kisha nafasi tupu.

"Mmekaa hapa tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Shhh, mama," mtoto alisema. "Babu anakumbuka."